Zamu za Watu Watano

Jumatatu, 3 Juni
Siku ya ishirini na moja ya ndoa! Mke wangu Perlita alivaa sare yake nyeupe ya uuguzi, nikasahau kutafuna wali. Lakini habari mbaya. Madereva watano wa bajaji waliowahi kulazwa dharura kwa ulevi, anaowashauri yeye, wasipopunguza kunywa kufikia Ijumaa, Dakta Evangelista, mkuu wake, atafunga meza ya ushauri ya Perlita na kumhamishia kisiwa cha Masbate. Masbate! Bahari nzima kati yetu!

Jumanne, 4 Juni
Nimewakuta madereva kwa Mzee Dencio, mkongwe wa hao watano, glasi moja ya pombe ya jini ikizunguka kwa zamu. Niliwasihi wapunguze. Mzee Dencio akauliza: “Bwana harusi, umetumwa na mkeo au umejituma?” Wakacheka hadi machozi. Kwa desturi yao, kukataa zamu ni kumtukana anayemimina. Ila mwenzako anaruhusiwa kukupokea zamu na kuinywa yeye. Nimepata mpango!

Jumatano, 5 Juni
Wamekubali. Kila mmoja zamu mbili tu, zinazobaki nawapokea mimi. Walikubali upesi mno, kusema kweli. Nimepokea kumi na moja. Yote kwa ajili ya mapenzi! Nimeubusu mlango nikidhani ni Perlita.

Alhamisi, 6 Juni
Kumi na tisa. Niliangukia sahani ya masikio ya nguruwe, vitafunio vyao vya kunywea. Wakanipeleka dharura, wote watano wakiwa na akili timamu. Na nani anahoji walevi? Malaika wangu! Akauliza kwa kawaida nakunywa glasi ngapi. Nikauliza: zangu au za watu? Mzee Dencio akadakia: “Dada, mlevi ni huyu. Sisi tumepunguza.” Perlita hakucheka. Alinichoma sindano ya dripu. Aliuliza kama nataka awe mjane kabla picha za harusi hazijatoka.

Ijumaa, 7 Juni
Anabaki! Dakta amesema mtaa unaomlewesha hata mume wa muuguzi hauwezi kukosa meza ile. Nilijua mpango wangu hauna kasoro. Perlita amenikataza kutamka neno “mpango”.

Jumapili, 23 Juni
Mimi sasa ni mgonjwa wa sita wa Perlita. Kila Jumanne, robo saa nzima, mlango umefungwa, ananitazama machoni na kuniuliza natamani nini maishani. Nyumbani, na dada zake wanne sebuleni, sijawahi kupata hata dakika tatu! Tatizo moja: mgonjwa akipona, faili linafungwa. Nimemwomba Mzee Dencio aniwekee zamu ya kesho. Ndogo tu.