Herufi Zenye Matumbo Matupu

Nkwenda, Karagwe
10 Oktoba 1955

Kwa Bwana Mpiga Chapa,

Pokea salamu zangu za heshima. Mimi ni Mutalemwa, mkulima wa kahawa, baba wa bibi harusi Kokuhirwa, ambaye mpaka leo angali nyumbani kwangu akilia. Kosa ni lako, nami nitalieleza kwa upole.

1. Kadi za harusi ulizotuchapia zilifika na herufi tupu. Nilizikagua moja moja: a, b, d, o, zote zina tundu jeupe tumboni. Huku kwetu mgeni akipewa kibuyu kisichojaa cha rubisi, pombe yetu ya ndizi, anajua amedharauliwa. Wewe ulitaka niwapelekee wakwe wa kule Nyakasimbi vibuyu vitupu mia kwa kadi moja! Nilikaa siku mbili na kalamu, nikazijaza zote. Zikashiba hasa.

2. Harusi ilikuwa tarehe 6 Agosti. Wakwe hawakutokea. Mzee Kaijage, baba wa bwana harusi, alifika na watu wake tarehe 8, rubisi imekwisha, nami niko migombani na kaptula iliyochanika. Alidai kwamba ile sita niliyoijaza wino yeye ameiona nane iliyonenepa. Waliondoka bila hata kutafuna kahawa ya kukaribisha wageni. Ungalizijaza mwenyewe tangu zamani, watu wangalikwisha kuzoea kusoma herufi zilizoshiba.

3. Nilipolalamika, fundi wako alinijibu kwamba weupe ndio unaofanya herufi isomeke. Bwana, hayo ni maneno ya mtu aliyeishiwa wino. Kama weupe unasomeka, si ungalituletea karatasi tupu, sote tukasoma?

4. Kati ya neno na neno umeacha njia ya kupitisha ng'ombe.

Kwa hiyo naomba kadi mpya arobaini, herufi zimejaa, maneno yamebanana, na pembeni wino mpaka ukingoni. Mzee Kaijage amekubali kuja mara moja nyingine tu. Tukikosana tena, mwanawe ataoa kwingine. Naogopa, Bwana.

Wasalimie mafundi wako wote, na mama watoto, na majirani wasionijua.

Ni mimi, mwenye masikitiko na adabu,
Mutalemwa

Nyongeza: Kokuhirwa ameisoma barua hii. Ameacha kulia, amekuwa mkali. Kichupa changu cha wino amekificha, na haya naandika akinisimamia. Kadi zije mikononi mwake, na weupe wake wote. Tarehe mpya ni 28 Januari. Hiyo nane ina matundu mawili, la juu na la chini. Tafadhali uyahesabu kabla ya kutuma.