Mwewe wa Karatasi

Tarehe 4, Jumatatu.

Mtu mwenye bahati kama mimi hajazaliwa, na akizaliwa atanikuta nimeshakaa. Ushahidi huu hapa. Mdogo wangu, tumbo moja, ziwa moja, kapata presha ya macho na kapofuka kabisa. Daktari akaagiza na mimi nikapimwe, maana ugonjwa huu unapenda ukoo, na ukoo wenyewe tumebaki wawili. Nikaenda, nikapimwa. Daktari akashangaa! Akasema macho kama yangu huyaona kwa marubani tu. Nikamwambia kwenye mengine pia sijambo.

Basi nimeamua bahati hii niigawe. Mpango umenijia leo nikiwa nimeingiza kichwa ndani ya friji la bucha, mahali ninapofikiri vizuri kuliko popote.

Mdogo wangu ni fundi saa. Alikuwa. Mwezi wa tano huu hatoki chumbani. Zamani kila Jumapili tulikuwa tunacheza gemu kwenye runinga yake, ile ya falme na majoka. Mimi nilikuwa shujaa wa rungu, nakufa mapema. Yeye siku zote alichagua mpiga mishale mmoja tuliyembatiza Mwewe. Mwewe anaona nyuma ya ukuta! Akivuta upinde, dunia nzima inakwenda polepole, adui anaanguka kama nguo inayodondoka kambani. Sasa runinga ya nini kwake?

Lakini nyuma ya duka la vifaa vya shule wapo watu wanaocheza gemu ya mdomo. Skrini hakuna. Ni meza, karatasi, dadu, na msimuliaji anayekwambia uko msituni, mbele kuna pango, unafanya nini? Unasema, unatupa dadu, unaishi au unakufa. Macho hayana kazi! Nitamtoa Mwewe kwenye runinga nimkalishe mezani, na mdogo wangu atamfuata. Jumamosi hii atatoka chumbani. Asipotoka, mniite mpumbavu.

Tarehe 5, Jumanne.

Nimekwenda kumwona msimuliaji. Ni mama mtu mzima, karani mstaafu wa mahakama, na wote wanamwita Mama Karani. Nimempa shikamoo iliyonyooka, nikamweleza. Akasema kitabu chake kina aina nane za wahusika na Mwewe hayumo. Nikasema nitamwandika mimi. Akaitazama mikono yangu, ilikuwa na grisi, akauliza nilisoma mpaka wapi. Nikamjibu nilisoma mpaka nilipotosheka. Hakucheka. Akasema kwake maneno ya mdomo hayapokelewi. Nilete sheria za Mwewe kwa maandishi, ukurasa mmoja, na kitakachoandikwa ndicho kitakachosomwa.

Kinyozi wa mtaani kwetu alikuwepo. Hapo mezani yeye ni mchawi mwenye ndevu mpaka kifuani, ingawa kidevu chake mwenyewe ni kama yai. Akauliza kwa sauti tangu lini fundi friji kawa mtunga sheria. Nikamwambia tangu kinyozi alipokuwa mchawi. Hata Mama Karani alitabasamu. Moja bila!

Wakati wa kutoka nimegonga bega la kushoto kwenye fremu ya mlango. Wajenzi wa siku hizi!

Tarehe 6, Jumatano.

Kurasa sita. Sikujua nina kipaji. Mwewe anaona nyuma ya ukuta, chini ya ardhi, na mambo ya kesho. Mshale wake haukosi. Haguswi. Akivuta upinde, wachezaji wengine wote wanatakiwa kuongea polepole na kusogea polepole, kama ilivyokuwa kwenye runinga. Nikataka kujaribu kwanza, nikamwomba mwenye bucha anisemeshe polepole kabisa. Nilisahau kwamba ana kigugumizi. Nimeomba radhi mara tatu, ya mwisho nikiwa tayari nimevuka barabara.

Mama Karani kazisoma zote sita akiwa amesimama, kalamu nyekundu mkononi. Akasema mhusika huyu hahitaji wenzake. Na asiyehitaji wenzake hana kazi mezani, akae peke yake chumbani.

Nikakubali kwamba nimekosea. Ni mara yangu ya kwanza tangu niote meno.

Akasema nimpe udhaifu, hata mmoja, lakini wa kweli. Kinyozi kacheka mpaka akapaliwa na chai. Moja moja.

Tarehe 7, Alhamisi.

Tatizo jipya: mdogo wangu ataisomaje dadu? Nikaiazima ya Mama Karani, ile ya pande ishirini. Mpango: kila upande nitie vinundu vya risasi ya kulehemu, asome kwa kidole. Dadu ni ya plastiki. Miaka kumi na tisa ya ufundi, nikalisahau hilo! Sasa ina pande tatu na zote zinanata. Nimemwambia Mama Karani imepotea.

Nikachonga nyingine ya mbao, nikaipigia misumari midogo ya viatu kuwa ndiyo namba. Misumari ikaelemea upande mmoja. Kila ukiitupa inaangukia kumi na saba. Nikataka kuitupa jalalani, halafu nikajiuliza: kwani kumi na saba ina ubaya gani? Mtu aliyenyimwa vyote hivyo, apate kumi na saba.

Jioni nikaenda kwake. Shemeji kanifungulia, kanionyesha kwa kidevu tu. Yuko dirishani, uso umeelekea mwanga, kwa mazoea. Mbele yake kisanduku cha saa za watu ambazo hakuwahi kuzimaliza. Anazishika moja moja na kuzitia ufunguo, ili zisisimame.

Nikamdanganya. Nikasema kikundi cha Mama Karani kimepungukiwa mtu mmoja, asipokuja gemu inakufa. Akauliza kweli kaka? Nikaapa. Akasema basi watafute mwenye macho. Nikamwambia hawatafuti macho, wanamtafuta Mwewe, na Mwewe hamjui mtu mwingine. Akaitia ufunguo saa moja, akachukua nyingine. Kisha akauliza kama Mwewe bado ana ile kofia ya kijani.

Nikasema anayo.

Akasema Jumamosi shemeji yako atanitafutia shati.

Nje nikapenga kamasi. Mtaa ule una vumbi sana.

Tarehe 8, Ijumaa.

Udhaifu umepatikana! Nimekumbuka. Kwenye runinga, Mwewe akishatumia jicho lake kupenya ukuta, skrini inakuwa giza kidogo, mpaka jicho lipoe. Basi! Na nani anayejua mambo ya kupoa kuliko mimi? Kompresa ukiiendesha mfululizo inaungua. Unaizima, unaiacha, unaiwasha. Ndiyo ugali wangu huo.

Nimeandika ukurasa mmoja, mwandiko wa kuazima, kila mstari umekaa. Udhaifu nimeuweka mwisho kabisa: "Akishatumia jicho la mwewe, haoni tena mpaka apone." Nimeusoma mara mbili. Hauna kosa. Mama Karani kaupokea, kauweka ndani ya kitabu chake bila kuufungua. Kasema atausoma mezani, kama shauri jingine lolote.

Tarehe 9, Jumamosi.

Alitoka chumbani. Hilo liandikwe kwanza.

Kanyoa. Shati la bluu, limepigwa pasi mpaka mikunjo inakata. Kashika kiwiko changu njia nzima. Mama Karani kainuka, kampa mkono, kamwambia kiti chako ni hiki, kulia kwako kuna ukuta, kushoto kwako kuna mchawi, usimwamini. Mdogo wangu kacheka! Kwa miezi mitano nilikuwa nimesahau kwamba anachekea puani.

Na gemu? Alitufundisha sisi wote. Mama Karani akasema kuna mto. Sisi tukataka kuvuka tu. Yeye akauliza maji yanatoka upande gani na yana sauti gani. Mara mto ukawepo pale mezani, mimi mwenyewe nikainua miguu. Dadu ikaangukia kumi na saba. Tena kumi na saba. Mara ya tatu Kinyozi akaitazama dadu, akanitazama mimi, akafungua mdomo. Akaufunga. Akajifanya anatafuta kijiko. Namwandikia pointi kumi.

Tukafika kwenye ukuta wa ngome. Mdogo wangu akasema: natumia jicho. Mama Karani akamwinamia sikioni, akamnong'oneza yeye peke yake yaliyo nyuma ya ukuta. Tulikuwa watu watatu wenye macho, na aliyekuwa anaona ni yeye. Uso ule! Kama nitakufa kesho, uso ule nimeuona.

Kisha Mama Karani akavaa miwani, akasoma udhaifu. Kwa sauti ya mahakama, neno kwa neno. Akishatumia jicho la mwewe, haoni tena mpaka apone.

Mkono wa mdogo wangu ukasimama juu ya dadu.

Mama Karani akauliza muda wa kupona ni upi. Akageuza karatasi nyuma. Hakuna. Nikaanza kueleza. Nikasema si kupona, ni kupoa, kama friji, nikaeleza kompresa, nikaeleza gesi, nikaeleza relei inayoiwasha kompresa. Sijui kwa nini sikunyamaza. Herufi moja! N moja tu, na mimi neno lenyewe ndilo linalonilisha. Kinyozi akasema jamani, fundi alitaka kuandika apoe, kila mtu anajua. Mdogo wangu akasema, taratibu sana, kwamba hata yeye anajua kaka yake alitaka kuandika nini. Tuendelee.

Tukaendelea. Ndiyo ikawa mbaya zaidi. Kwa sababu sasa Mwewe haoni, na sisi wote tukaanza kumsaidia. Kinyozi akasema mchawi anamshika Mwewe mkono. Mimi nikasema shujaa wa rungu anamwambia kuna ngazi hapo, angalia. Hata sauti zetu zilibadilika. Tukawa tunaongea polepole, polepole kabisa. Dakika kumi, kisha mdogo wangu akasema amechoka. Akamshukuru kila mtu. Akaomba kurudishwa.

Njiani nikajigonga kwenye toroli la muuza mkaa, upande wa kushoto. Mdogo wangu akasimama. Akauliza: kaka, hukuliona? Nikasema limeegeshwa vibaya. Akauliza kama kweli nilipimwa. Nikasema ndiyo, daktari mwenyewe alishangaa. Akauliza daktari gani. Nikasema yule jamaa mrefu. Akasema daktari wa macho pale ni mwanamke. Nikasema ndiyo, mwanamke mrefu.



Tarehe 10, Jumapili.

Nimekwenda na karatasi mpya. N nimeifuta. Nimemwongezea Mwewe na jicho la akiba. Shemeji kanipokelea kizingitini, mlango kaurudisha nyuma yake. Nikajua.

Akasema mume wake hana hasira na karatasi. Asubuhi alipokuwa anakunywa chai aliikumbuka, akacheka kidogo, akasema kaka na relei zake. Lakini mezani harudi. Na mimi nisije tena na gemu, wala na hadithi, wala na dadu ya misumari, ambayo aliijua tangu mtupo wa pili kwa uzito wake, yeye ni fundi saa. Nije siku nitakayokuwa na karatasi ya hospitali mkononi. Mdogo wangu amesema kwenye nyumba ya mama yetu kipofu mmoja anatosha.

Nikamwambia shemeji, hilo tu? Hilo jepesi! Nikapunga mkono, nikaondoka kwa madaha. Nilipofika kona nikakaa chini kwenye ukingo wa mtaro.

Tarehe 12, Jumanne.

Jana nilipita mbele ya geti la hospitali mara mbili. Foleni ndefu. Mara ya tatu sikuangalia foleni.

Leo nimepata mpango, na ni mpango hasa. Mimi si ndiye niliyeandika kurasa sita za sheria? Karatasi ya hospitali ni nini, mistari mitatu na muhuri! Muhuri nitauchonga kwenye soli ya kandambili. Shemeji atamsomea, shemeji hana utaalamu wa macho. Safari hii nimekuwa makini, sirudii kosa, nimekwenda saluni kumuuliza Kinyozi jinsi ya kuandika "hitilafu". Akauliza ya nini. Nikamwambia. Akazima mashine yake. Kichwa cha mteja kikabaki nusu. Akasema kesho asubuhi anafunga saluni, tunakwenda wote wawili, na atakaa na mimi kwenye benchi mpaka niitwe. Nikamwambia asante ndugu yangu, ila kesho nina friji la bucha. Akasema basi keshokutwa. Nikasema keshokutwa pia.

Karatasi iko tayari, imebaki muhuri. Nimeandika macho yote mawili ni mazima, hakuna hitilafu. Nimeirudia kuisoma herufi kwa herufi, naisogeza karibu na taa, naigeuzia upande wa jicho la kulia. Safi.

Ile bahati niliyojisifia Jumatatu ya tarehe 4 ni uongo. Sikupimwa. Nilikaa kwenye benchi, wakaita jina langu mara tatu, nikainuka nikatoka nje.