Vita vya Verlin Haskett na Ukuta Wake Mwenyewe

Sogeeni, enyi mpendao habari za wanaume wakubwa, tegeni masikio na nyamazisheni vijiko, kwani nawasimulia jinsi Verlin Haskett wa Nebraska, muuza mbegu mstaafu, bwana wa pikapu nyeupe, mkaidi mwana wa wakaidi, alivyopigana na kitufe kimoja katika kambi ya matrela huko Texas, na jinsi alivyokishinda kwa muda wa saa mbili na nusu tu.

Ngome yake ilikuwa trela, nyumba ya magurudumu inayovutwa na gari. Kwa ajili ya trela hilo aliuza nyumba ya matofali aliyoishi na mkewe miaka thelathini na mmoja, akimtaka mke ushauri kwa adabu ya mtu aliyekwisha kuamua. Nalo lilikuwa na ubavu wa kutokeza: ukibonyeza kitufe, pampu husukuma mafuta kwenye mabomba, nayo nguvu ya haidroliki huusogeza ukuta mzima nje futi tatu, kochi na meza vikiwa juu yake. Ukuta usipotoka, kochi hulibana jiko, na mpishi hana pa kutia unyayo.

Mkewe, Lavonne, alisimama mlangoni ameshika kitabu cha maelekezo. Dada yake Arvella alikuwa njiani kutoka Amarillo, aje kula chakula cha mchana.

"Nakwambia mapema, Verlin," akasema kwa upole wa kutisha. "Arvella akinikuta bado sina jiko, naondoka naye. Wewe baki na sanduku lako."

Shujaa alimjua mkewe, alijua hatanii. Lakini akatunisha kifua, akahutubia: "Mke wangu, mimi niliendesha mashine ya kuvunia mahindi kabla sijaota ndevu. Leo nisomewe kitabu kwa sababu ya ukuta? Vitabu hivi wanaandikiwa walimu wa piano."

"Mimi ni mwalimu wa piano," akasema Lavonne. "Ukurasa wa tisa unasema—"

Verlin akabonyeza. Pampu ikanguruma kama simba mwenye mafua, ukuta ukaguna, ukatulia palepale. Akabonyeza tena kwa kidole gumba, kisha kwa vidole viwili, kana kwamba kitufe huogopa wingi wa jeshi. Akakagua mafuta: yamejaa. Akapima betri: nzima. Akajitupa chini ya trela, akagaagaa humo kama askari handakini, akatoka na grisi kwenye paji la uso na bila habari yoyote.

Jirani yao, mzee Orrin Tschetter, alikuwa amekwisha kuleta kiti chake cha kukunja.

"Mafuta je?"

"Yapo."

"Betri?"

"Nzima."

"Basi, ndugu yangu, hilo trela halikupendi tu."

Pampu ikaanza kunuka. Ndipo Lavonne alipoingia ndani kwa ubavu, akaparamia kochi, kukasikika kishindo cha chuma, mara mbili. Alipotoka alikuwa na fito mbili za chuma, zile ambazo Verlin mwenyewe alizikaza asubuhi ili ukuta usichezecheze barabarani. Akazilaza kwenye ngazi, kisha akakifunika kitufe kwa kiganja.

"Sema kwanza," akasema.

Enyi wasikilizaji, mafuta na betri vilikuwa mchezo. Vita vilikuwa hapa. Shujaa akatazama angani, akamtazama Orrin, ambaye hakuwa na haya ya kugeuka. Kwa sauti ambayo mbu angeona aibu kuimiliki, akasema, "Nilizisahau."

"Na nyumba yetu?"

Verlin akafuta grisi kwenye paji la uso. Kisha akasema, "Hiyo nilikosea. Nilipaswa kukuuliza kabla ya kuamua."

Lavonne akaondoa kiganja. Verlin akabonyeza, na ukuta ukatoka taratibu, kwa heshima zote, kama ndovu anayeingia mtoni. Orrin akapiga makofi matatu. Arvella alipofika, alimkuta dada yake jikoni anakaanga vitunguu, na shemeji yake akiwaeleza majirani wanne jinsi pampu hizi zinavyotaka mtu anayezielewa.

Basi wanahistoria na wachore mistari miwili chini ya siku hiyo: kabla ya saa sita adhuhuri, mwanamume wa miaka sitini na nane alisogea futi tatu, nao ukuta ukamfuata.