Babu wa Humoud Kwenye Filamu

Bassam bin Ghassan aliinunua filamu ile mnadani, sokoni Nizwa, Omani, pamoja na redio mbovu na birika lisilo na kifuniko, na mpaka anafika nyumbani alikuwa hajui kama kanunua riziki. Duka la picha lilipomhamishia kwenye kompyuta, akaona ni filamu kongwe ya nyimbo, nyeusi na nyeupe, jina limefutika na sauti imekufa kabisa. Wahamiaji wanashuka melini na mizigo vichwani, wanaimba bila ya kusikika. Mkuu wa mji, mnene, anawauzia vibali vya kuishi na kutia bahasha mfukoni. Mwishoni bwana mwembamba mwenye mwavuli anaikataa rushwa mbele ya watu, na mji mzima unacheza barabarani.

Nyuso zilikuwa ukungu mtupu. Bassam alizipenda kwa hilo, maana uso usioonekana unaweza kuwa wa babu wa mtu yeyote.

Babu aliyemfaa ni wa Humoud, tajiri wa tende, aliyekuwa akigombea baraza la manispaa na kuzitafuta kura za jamaa waliotoka Unguja na Pemba. Humoud alikuwa hanywi kahawa bila ya kumtaja marehemu babu yake.

"Sheikh Humoud," Bassam alimwambia kwa sauti ya mtu anayetoa rambirambi, "hukupata kuambiwa kuwa babu yako alicheza filamu Unguja?"

Humoud aliweka kikombe chini. "Filamu gani?"

"Ya siasa. Ndiye aliyeikataa rushwa."

Binadamu akiambiwa kuwa ukoo wake ulikuwa na utukufu, jambo ambalo siku zote alilishuku, hadai ushahidi mwingi. Humoud alidai mmoja tu: apatikane mtu mzima wa huko amtambue babu mbele ya watu. Akipatikana, Bassam atapewa Land Cruiser nyeupe iliyokaa bure uani, iandikwe kwa jina lake, aitembeze filamu Ibra mpaka Sur kabla ya kura. Bassam alikuwa ameshaamua kuwa gari likifika Sur halitageuza.

Alikwenda Izki kwa Bi Kaltham, mjane aliyezaliwa Malindi, Unguja, na heshima yake mtu haitilii shaka.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Halwa hiyo ya nani?"

"Yako. Nataka uwaambie watu tu, huyu mwenye mwavuli ndiye mzee wake Humoud."

Bi Kaltham alionja halwa, akatazama picha ya filamu kwenye simu ya Bassam, akaonja tena. "Nimekufahamu," alisema.

Ijumaa baada ya alasiri majlisi ya Humoud ilijaa wageni. Bassam alimsifu shahidi wake mpaka akapitiliza: bibi huyu, alisema, hajapata kusahau uso. Filamu ikaanza. Mkuu wa mji alipoipokea bahasha ya kwanza, Bi Kaltham akanyoosha kidole.

"Huyo hapo. Babu yake Humoud. Hata tumbo lake ndilo hilo."

Humoud aliizima filamu, akaagiza kahawa kwa wote, akamvuta Bassam mpaka alipokaa bibi.

"Bibi," Bassam alinong'ona, jasho linamtoka, "mwenye mwavuli."

"Mwanangu, mimi nimechoka. Kila wiki nakuja hospitali hapa Nizwa kwa teksi, mifupa inanitetemeka mpaka kumbukumbu inahama. Ningekuwa na gari la raha, nadhani ningeona vizuri." Akamgeukia Humoud. "Lile jeupe pale nje la nani?"

"La Bassam," alisema Humoud.

"Langu," alisema Bassam.

"Lilikuwa," alisema Humoud, na ufunguo ukaingia mkononi mwa bibi.

Bassam angesema bibi anasema uongo, filamu nayo ingekwenda na maji.

Filamu ikawashwa. Bi Kaltham aliomba radhi, mwanga ulimdanganya. Babu wa Humoud ni huyu wa mwavuli, Mungu amrehemu. Wazee wakafuta machozi. Humoud akapigiwa makofi ya babu yake, akayapokea yote.

Nje, Reem, mjukuu wa bibi, alikuwa ameshawasha gari. Bassam hakuwa na njia ila kuomba lifti mpaka stendi ya teksi. Walimweka nyuma, akapakatishwa chupa ya chai.

"Bibi," alisema walipoingia barabara kubwa, "tuko peke yetu sasa. Hebu niambie kweli. Filamu hii uliwahi kuiona?"

"Mimi?" Bi Kaltham alijitanda vizuri mtandio wake. "Marehemu baba alikuwa hatuachi hata kupita upande wenye sinema. Funga mkanda, mwanangu. Reem ndiyo kwanza kapata leseni."