Bunduki Sitini kwa Kisima Kimoja

Ilitangazwa kwa vipaza sauti, kwa barua na kwa bango la rangi nne, kwamba Wilaya ya Prey Svat itakuwa ya kwanza Kambodia nzima kubaki bila bunduki hata moja. Vita vilikwisha siku nyingi, ila silaha zilikuwa hazijaarifiwa rasmi. Ikaundwa Kamati ya Upunguzaji, Udhibiti na Usimamizi wa Silaha Ndogo Ndogo, na Nhem Vutha, karani mwenye mwandiko mzuri na Kiingereza cha kambi ya wakimbizi, akawa katibu wake.

Mwenyekiti alikuwa mkuu wa wilaya, Mheshimiwa Keo Bunrong, mtu aliyeipenda amani hata akawa anatembea na walinzi wanane wenye bunduki za AK, isije ikamtoroka.

Mpango wenyewe ulikuwa mwepesi. Kijiji kikisalimisha bunduki sitini, wafadhili wanatoa kisima cha pampu. Kijiji cha Trapeang Khnar kilitoa sitini na nne, kwa kuwa wanawake wake walichota maji katika dimbwi moja na nyati, na watoto hawakuacha kuharisha. Kisima kikachimbwa kweli. Kilichimbwa uani kwa Mheshimiwa, ndani ya ukuta.

"Andika: kwa usalama wa kisima," Mheshimiwa aliagiza.

Vutha akaandika. Usiku ule aliwapa kuku wali wake, lakini muhtasari ulikuwa safi.

Wiki iliyofuata akaingia ofisini Bibi Yoeun, mkunga wa kijiji, ndoo mkononi.

"Vutha, nimekuja kuchota."

"Bibi, kuna fomu."

"Fomu inachota maji?"

"Inathibitisha kwamba ulisalimisha silaha. Lete kibali cha kuimiliki."

"Kibali gani? Ile ya marehemu mume wangu ilikuwa nguzo ya banda la nguruwe! Mmeichukua, banda limelala chini, na nguruwe anazurura kama mbunge."

"Bila kibali, hukusalimisha kitu."

"Na nikiwa nacho?"

Vutha akainamia karatasi zake. "Unashtakiwa kwa kumiliki silaha ya kivita."

Bibi Yoeun akaweka ndoo chini. "Kitovu chako nilikikata mimi. Wembe ulikuwa butu, ukalia mno. Nikasema huyu ana sauti, atakuja kututetea."

Akachukua ndoo yake. Alipofika mlangoni, Vutha alimwita kwa sauti ya chini.

"Bibi. Jumamosi kuna sherehe ya kusaga bunduki. Mgeni wa wafadhili huuliza kila mara kama kuna mwenye swali, na kila mara watu hunyamaza."

"Na nani anamtafsiria?"

"Mimi."

Jumamosi bunduki zilipangwa barabarani kama samaki wa kuanikwa, na gari la kushindilia lami likinguruma kando. Mheshimiwa alihutubia saa nzima kuhusu uongozi wa kujitoa. "Leo hii," akamalizia, "katika wilaya yangu haimo bunduki hata moja mikononi mwa mtu!"

Walinzi wanane nyuma yake wakapiga makofi, bunduki zikining'inia mabegani.

Mgeni, mama mmoja mrefu aliyeungua na jua, akauliza kama kuna mwenye swali. Bibi Yoeun akasimama.

"Mheshimiwa, hao wanane nyuma yako wamebeba nini, mifagio?"

Watu wakacheka chini chini. Mkuu wa walinzi akaanza kukariri sura za waliocheka. Mgeni akamgeukia mkalimani wake.

Vutha hakuwahi kutafsiri vibaya maishani mwake.

"Anasema," akamwambia kwa Kiingereza, "wanakijiji wanamshukuru Mheshimiwa, na wanangojea kwa hamu azitoe zile nane za mwisho, kama alivyoahidi."

Mama yule akabubujikwa na machozi. Akamkumbatia Mheshimiwa mbele ya kamera tatu, akasema hajawahi kuona kiongozi wa namna hii. Watawa wa pagoda wakaanza kuomba dua. Mheshimiwa akafungua kinywa, akaziona kamera, akaishia kutabasamu. Walinzi waliweka bunduki chini moja moja. Gari likapita juu yake, likarudi, likapita tena.

Alasiri wanawake arobaini walifika langoni kwa Mheshimiwa na ndoo. Lango lilifunguliwa na mlinzi mmoja, maana mama yake alikuwa wa tatu kwenye foleni. Wenzake walikuwa wameshaanza kupokezana ndoo.

Mheshimiwa akatoka barazani kwa kishindo. "Nani kawaruhusu?"

"Pampu hii ngumu, mwanangu," akasema Bibi Yoeun. "Usisimame tu, shika mpini."

Mheshimiwa akageuka nyuma, kama alivyozoea kila alipojibiwa. Hapakuwa na mtu.

Akashika mpini.