Gunia la Nywele na Mbweha wa Bosi

Jumatatu, 9 Julai 2018
Mbweha kala kanga wengine watatu. Bosi, mwenye shamba, amefura. Jumamosi wageni wake wanatoka Johannesburg na bunduki kuja kuwinda ndege hao hao, na hataki mbweha awatangulie. Katuita walinzi wake wawili, mimi na Firmin wa Lubumbashi. Kila mtu na upande wake wa uzio. Atakayemkomesha mbweha atapewa nyumba ya vyumba viwili iliyo nyuma ya banda.

Nyumba! Mke wangu Mayasa analala Jeppestown, huko Johannesburg, nyuma ya pazia, na upande wa pili wa pazia kuna familia ya watu watano. Mwaka wa tatu huu. Firmin ni kapera. Nyumba ya nini?

Jumanne, 10 Julai
Nina mpango. Dereva wa taksi kaniambia mbweha hukimbia harufu ya binadamu, ning'inize nywele za watu kwenye uzio. Na Mayasa anasuka saluni kwa Murielle, Hillbrow! Nimempigia simu: fagia sakafu, jaza gunia. Akaanza kunieleza jambo kuhusu nywele za pale. Nikamkatiza. Watu wa Tanga kwa maelezo!

Firmin anatembea kando ya uzio ameinama, anatafuta matundu. Maskini.

Jumatano, 11 Julai
Gunia limefika kwa taksi. Nyeusi, nyekundu, za njano. Tele! Nimefunga mafungu arobaini. Firmin kaniomba nimshikie waya wa kuzibia matundu. Nimemwambia nina kazi ya kitaalamu.

Alhamisi, 12 Julai
Mafungu tisa hayapo. Upepo, bila shaka. Kanga wawili pia hawapo, wote upande wangu. Upande wa Firmin hakuna aliyeguswa. Bahati tu. Nimeongeza nywele.

Jumamosi, 14 Julai
Aibu! Wageni wamejipanga, bunduki juu, kanga wanaruka. Mara mbweha huyo, anakatiza mbele yao na fungu la rasta nyekundu mdomoni. Wamecheka mpaka wakakaa chini. Kanga wote wameenda zao.

Bosi kafuata nyayo hadi kwenye shimo. Watoto wanne wa mbweha, wamejikunja juu ya nywele zangu, wanono, wametulia. Nikampigia Mayasa. Akasema ndilo alilotaka kuniambia Jumanne: zile ni nywele za pakiti, plastiki tupu, hazijawahi kuota kwenye kichwa cha mtu.

Nyumba kapewa Firmin, kwake mbweha hakupita. Nimelia. Nilijificha nyuma ya banda, lakini nimelia.

Jumapili, 15 Julai
Firmin kanifuata na ufunguo. Kumbe jana aliniona. “Eish, yaya, mutu moja vyumba mbili, nitafanya nayo nini?” Yaya kwao ni kaka mkubwa. Kachukua chumba kidogo, kikubwa katuachia sisi. Bosi kakubali.

Mayasa kaja mchana na sufuria zake. Kafungua dirisha, kalifunga, kalifungua tena.  Nami nikampokea sufuria.

Firmin ni mtu mwema. Lakini tusidanganyane. Bila zile nywele nisingelia, na bila kulia asingenihurumia. Kwa hiyo nywele zimefanya kazi.

Jikoni kuna panya. Firmin anatafuta tundu lao. Nimemwambia Mayasa kesho akitoka saluni aje na gunia.