Paka wa Mashimoni Wawekwa Chini ya Ulinzi

Nina furaha kuutangazia umma kwamba Kamati ya Kudhibiti Mwenendo wa Paka imekamilisha kazi yake kwa ufanisi ambao hata sisi wanakamati hatukuutarajia.

Mimi Walubengo nilikuwa Mratibu wa Jamii. Ndiyo, yule Walubengo wa kusimama juu ya pipa pale Mashimoni mtaani Kibera akiitukana serikali tangu ilipombomolea kibanda, anayekumbuka sura ya kila askari aliyeshika nyundo siku ile. Serikali ilinipa jaketi la kijani lenye mifuko mingi. Hasira nikaitia mfuko mmoja, ikalala.

Shida ilikuwa hivi. Katika bustani ya wanyama ng'ambo ya ukuta, tumbili wawili walikufa. Daktari Mukai, anayewatibu, alisema ni kimelea kinachotoka kwenye kinyesi cha paka. Mkurugenzi wa bustani, Bwana Lazarus, hakuuliza paka gani. Alinyoosha kidole dirishani, upande wa Kibera.

Tukatangaza kwa kipaza sauti kwamba kufuga paka bila kibali ni kosa. Vibali havikuwepo. Kisha nikapita na gunia.

Mama Zeinabu, anayepika gurusa, chapati nyembamba za kuuza, alinisihi nimwachie paka wake. Panya wakiumaliza unga, biashara imekwisha. Nilimweleza kuhusu maslahi ya taifa.

"Wewe Walubengo," akasema, "ulipokuwa ukipigania haki, si ulikuwa unakula kwangu?"

Nikamwambia hilo halikuwa kwenye ajenda.

Tungewaweka wapi? Jengo la pekee lenye kufuli zima lilikuwa ghala la nyasi za swala, humo humo bustanini. Mkurugenzi akatia sahihi, mimi nikapiga makofi. Daktari Mukai hakuambiwa, kwa sababu za kiusalama.

Swala wakaanza kuanguka. Kamati ikaamua kwamba paka waliobaki Kibera ni wajanja sana, ikaagiza magunia zaidi.

Siku ya kuwaonyesha waandishi wa habari mafanikio yetu, Mama Zeinabu alikuja. Magunia yake ya unga yalishatobolewa. Aliuliza kitu kimoja tu: paka wake analala vizuri? Nikanyakua kipaza sauti.

"Mama, analala kukushinda wewe na mimi. Yuko juu ya nyasi laini za swala. Anakula hapo, anajisaidia hapo, na asubuhi swala wanaletewa chakula kutoka hapo hapo."

Nikasubiri makofi. Daktari Mukai alifumba macho. Kamera zikamgeukia Mkurugenzi.

Amri ikatoka juu: awarudishe paka mwenyewe, mlango kwa mlango. Tukashuka Mashimoni, yeye mbele na viatu vyake vya ngozi, mimi nyuma na magunia. Kila mlango jibu lilikuwa moja: hapa hakuna paka, ni kosa, tulitangaziwa. Khalid muuza maji alimtazama paka aliyekuwa akijisugua kwenye mguu wake.

"Huyu simjui, boss."

Mama Zeinabu peke yake aliufungua mlango wazi kabisa. Alimchukua paka wake, akamweka juu ya unga. Mkurugenzi akamwomba, kwa heshima kabisa, apokee na wengine.

"Huyu ni wangu, nishtaki," akasema. "Hao umewalisha wewe. Kaa nao."

Sasa Mkurugenzi anakaa nao, katika nyumba ya serikali. Jana alinipigia simu. Majirani wamemshtaki, wakubwa hawapokei simu zake, na alitaka kujua maandamano huanzia wapi.